Kwa Nini Mtoto Aliyerudishwa Nyumbani Huonekana Tena Ustawi wa Jamii?



Nimeombwa na Tume yetu niseme juu ya watoto waliotelekezwa, hasa wale ambao wamekwisha kusaidiwa mara moja, wakarudishwa kwao, na baada ya miezi michache wanaonekana tena mlangoni kwa afisa ustawi wa jamii. Wengi wetu tukisikia habari hizo husema upesi, "Mama yule hana utu." Naomba tusiiharakishe hukumu hiyo.

Kwanza, kutelekezwa si sawa na kupigwa. Kipigo kina siku yake, kina fimbo yake, na kina mtu aliyeishika. Kutelekezwa hakuna siku. Ni chakula ambacho hakikupikwa. Ni mtoto mwenye homa ambaye hakupelekwa zahanati. Ni mtoto wa miaka minne aliyefungiwa chumbani pamoja na mdogo wake tangu alfajiri hadi jioni. Ni hali, na hali haiondoki kwa kumwondoa mtoto. Hupelekwa katika makao, hula, hunenepa, hurudi shuleni, na faili hufungwa kwa furaha. Lakini nyumbani kumebadilika nini? Chumba ni kile kile, deni la kodi ni lile lile, baba hajulikani aliko, na chupa ingali chini ya kitanda. Huko ndiko tunakomrudisha.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humtaka kila mwanajamii mwenye habari za mzazi au mlezi anayeweza kumtunza mtoto lakini anakataa au anapuuza, azifikishe kwa serikali ya mahali pale. Afisa humwita mhusika wazungumze; akikaidi, shauri huenda mahakamani. Ni sheria njema. Lakini yaangalieni maneno yake: anayeweza, naye akakataa. Wito humfaa mtu wa namna hiyo, wakiwemo akina baba wenye mishahara wanaokwepa matunzo (na baadhi yao, nasema bila kuficha, huketi viti vya mbele). Yule anayetaka lakini hawezi, tutamwita mara ngapi?

Namkumbuka mama mmoja katika parokia niliyoitumikia zamani. Alikuwa na watoto watatu, na riziki yake ilikuwa kibarua cha kufua nguo. Watoto walichukuliwa, kisha wakarudishwa baada ya yeye kuahidi mbele ya wazee kwamba hatawaacha tena peke yao. Ahadi aliitimiza kwa wiki tatu: hakwenda kazini, na watoto wakalala njaa. Wiki ya nne alikwenda kufua, jirani akatoa taarifa, na watoto wakarudi walikotoka. Nami nilikuwapo siku ile ya ahadi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza nani atakaa na watoto mama akiwa kazini.

Waliolichunguza jambo hili katika nchi mbalimbali wameona dalili zinazofanana. Hurudi zaidi watoto wa familia ambazo zimekwisha kutolewa taarifa mara kadhaa, na hasa watoto wachanga. Hurudi zaidi penye ulevi, penye mama anayepigwa, penye mzazi aliyeelemewa na sonona, na penye umaskini. Tena miezi ya mwanzo baada ya shauri kufungwa ndiyo yenye hatari kubwa. Ndiyo miezi hiyo hiyo ambayo sisi tumekwisha kupumua na hatupigi hodi.

Hata hivyo, si kila kurudi ni ushahidi kwamba mzazi amezidi kuwa mbaya. Familia iliyokwisha kujulikana hutazamwa kwa macho mengi, na kosa ambalo kwa jirani mwenye geti lisingeonekana, kwake huandikwa siku ile ile. Wapo pia watoto wanaorudi kwa miguu yao wenyewe, kwa sababu pale ofisini au makaoni kuna mtu aliyewaita kwa jina na kuwauliza kama wamekula.

Mkono mmoja haulei mwana, husema wazee, nasi hulirudia neno hilo katika kila sherehe ya ubatizo. Yule mama alipopewa watoto wake mara ya pili, bibi wawili wa jumuiya yake walikubali kushika zamu ya kukaa nao siku za kufua. Hawakumhubiria. Walikuja saa kumi na mbili asubuhi, wakaondoka yeye aliporudi. Kwa muda wote niliokaa parokiani pale, watoto wale hawakuchukuliwa tena.

Hapa kwetu ninaomba kila jumuiya itaje watu wawili wa namna hiyo, na majina yaletwe kwa katibu wa Tume kabla ya mwisho wa mwezi. Wasiwe wasengenyaji. Na afisa atakapotuarifu kwamba mtoto amerudishwa kwao, wafike siku ile ile, si baada ya kusikia maneno mtaani.