NYUMBA ZA JUMAPILI



Tumezoea kuona nyumba ya zamani ikibomolewa bila mtu kuuliza ilijengwaje. Leo tuzungumze juu ya nyumba za mbali zilizotunzwa, halafu tutazame zetu.

Huko Marekani, katika jimbo la Texas, uko mji uitwao Fredericksburg. Ulianzishwa mwaka 1846 na Wajerumani waliohama kwao kutafuta ardhi. Safari yao ilikuwa ya taabu. Wengi walikufa kwa maradhi kabla ya kufika. Nchi ile ilikuwa ya Wakomanche, watu wa kuwinda. Mwaka 1847 kiongozi wa wahamiaji, John O. Meusebach, alifanya nao mapatano ya amani.

Je, walijenga nyumba za namna gani? Walijenga kama kwao, ila kwa vitu walivyovikuta. Walichonga magogo, wakayaunga yakawa kiunzi cha nyumba. Kisha walijaza nafasi zilizobaki katikati. Kule Ujerumani wengi walijaza fito na udongo uliochanganywa na majani makavu. Kazi hiyo ninyi mnaijua sana! Lakini Texas mawe ya chokaa yalikuwa tele, basi wakajaza mawe. Baadaye walijenga kuta nzima za mawe. Kuta hizo nene ziliwakinga na joto.

Kila mhamiaji aligawiwa kiwanja mjini na ekari 10 za shamba nje ya mji. Baadaye wengi walikwenda kukaa mashambani, mbali. Jumamosi walikuja mjini kwa magari ya farasi kununua mahitaji, na Jumapili waliingia kanisani. Sasa walale wapi? Wakajenga vijumba, chumba kimoja au viwili, na dari chini ya paa. Ngazi ya kupandia darini mara nyingi ilikuwa nje. Watoto walilala huko juu. Vijumba hivyo vikaitwa "nyumba za Jumapili".

Motokaa zilipoenea, safari ikawa fupi, vijumba vikakosa kazi. Hata hivyo havikubomolewa vyote. Wazee wengine waliwaachia watoto shamba, wakahamia humo. Mwaka 1970 serikali ya Marekani iliuandika mtaa wa zamani wa mji huo katika orodha ya mahali pa historia.

Lakini tuseme kweli. Kuta zile zinaeleza habari za Wajerumani tu. Wakomanche walikaa katika mahema ya ngozi, wakihama nayo. Hawakuacha kuta. Jeshi la Marekani liliwaandama, na mwaka 1875 kundi lao la mwisho lilisalimu amri. Asiyeacha nyumba wala maandishi, habari zake husimuliwa na wengine.

Na sisi je? Vijijini mwetu mafundi wa nyumba za miti na udongo wanazidi kuwa wachache. Hatusemi tusiezeke bati. Bati ni jema. Tunasema hivi: kabla hamjabomoa nyumba ya babu, mwulizeni fundi mzee. Ni mti gani haukuliwa na mchwa? Udongo ulichimbwa wapi? Kwa nini mlango ulitazama upande ule? Majibu yaandikeni katika daftari, na jina la fundi pia.

Kalamu mnayo. Mzee huyo hatakaa milele.