Sahihi ya Mzazi wa Pili

Kuasili watoto kwa wenza wa jinsia moja ni jambo ambalo katika nchi zetu huzungumzwa kwa kunong'ona au kwa kufoka. Leo nitalizungumza kwa sauti ya kawaida.

Mwaka 1995, nchini Afrika Kusini, Suzanne du Toit na mwenza wake Anna-Marié de Vos, wanawake waliokuwa wakiishi pamoja tangu 1989, walipewa watoto wawili ndugu wawalee. Maofisa wa ustawi wa jamii waliwachunguza wote wawili na kuwaona wanafaa. Lakini amri ya kuasili ilitoka kwa jina la De Vos peke yake. Sheria iliyokuwapo, ya mwaka 1983, iliruhusu mume na mke waasili kwa pamoja. Iliruhusu pia mjane, mtalaka, au mtu asiye na ndoa aasili peke yake. Sheria hiyo tuisome taratibu. Haikumzuia mwanamke anayempenda mwanamke mwenzake kuwa mzazi wa kuasili. Kilichozuiwa ni wawili hao kubeba wajibu huo pamoja.

De Vos alikuwa jaji, na kazi yake ilimweka mbali na nyumba kwa saa nyingi. Aliyeshinda na watoto ni du Toit. Yeye ndiye aliyekuwapo mtoto anapopandwa na homa, na ndiye asiyekuwa na mamlaka ya kutia sahihi ili mtoto huyo atibiwe. Fomu ya shule ilimsubiri De Vos. Na kama De Vos angefariki, watoto wangebaki na mtu aliyewalea miaka yote bila haki yoyote ya uzazi mbele ya sheria. Wiki ya msiba, watoto wamepoteza mama mmoja, na yule wa pili anaanza upya kuomba ruhusa ya kuwa mama yao!

Mahakama Kuu ya Pretoria iliwakubalia mwaka 2001, na tarehe 10 Septemba 2002 Mahakama ya Katiba ikathibitisha. Hukumu iliandikwa na Jaji Thembile Skweyiya, na majaji wenzake wote wakaafiki. Mahakama ilisema kwamba kuwazuia kuasili pamoja kulivunja usawa na utu wa wenza hao, na kulikwenda kinyume na kifungu cha 28 cha Katiba, kinachosema kwamba maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu. Ikaongeza ndani ya sheria maneno ya kuwatambua wenza wa kudumu wa jinsia moja. Upande wa serikali ulitaja hofu ambayo nimeisikia hata hapa: je, wakiachana? Jibu la Mahakama lilikuwa jepesi na la haki. Mahakama Kuu ndiyo mlezi mkuu wa kila mtoto, na inaweza kuamua mtoto akae wapi, kama inavyoamua mume na mke wanapotengana.

Leo, wanaume wawili wa Johannesburg wakitaka kuasili, wanapitia Sheria ya Watoto ya 2005, ambayo sehemu yake ya uasili ilianza kutumika tarehe 1 Aprili 2010. Afisa ustawi wa jamii aliyeidhinishwa kwa kazi hiyo huwapima na kuandika ripoti. Rekodi zao hukaguliwa, maana aliyetajwa kuwa hatari kwa watoto hapewi mtoto. Umaskini peke yake haumwondolei mtu sifa. Fedha haziruhusiwi kubadilishana mikono ili mtoto atolewe. Haya ni kwa wote, na sitakaa hapo.

Ninapotaka tukae ni kwenye ridhaa. Mama aliyemzaa mtoto anaridhia mbele ya ofisa wa mahakama ya watoto, kisha ana siku 60 za kubadili nia. Katika siku hizo wale wanaume wawili wanaweza kuwa tayari wamepaka rangi chumba, wamewaambia bibi na mashangazi, na bado hawana mtoto. Wanaozipitia siku hizo husema kusubiri huku kunachosha kuliko mahojiano yote, nami naamini ni lazima kuwepo, kwa sababu ni siku za yule mama. Sheria inampa zaidi: anaweza kueleza anapenda mtoto wake aende kwa watu wa namna gani, na mahakama huzingatia mapendekezo yake. Mtoto aliyefikisha miaka 10 naye huulizwa, na bila ridhaa yake shauri kwa kawaida halisongi mbele. Basi ile picha ya watu wawili wanaoingia mahakamani kujichukulia mtoto wa wenyewe si ya kweli.

Najua wengi wenu mna neno la dini, na sitalipita bila heshima. Kwa Waislamu wa pwani yetu, kuhamisha nasaba ya mtoto hakuruhusiwi kwa mzazi wa kulea yeyote, awe nani, na mtoto wa kulea hubaki na jina la baba yake. Huo ni mjadala wa uasili wenyewe. Kwa wanaosema mtoto hukua vibaya bila baba na mama pamoja, naomba watazame kazi ya Susan Golombok wa Cambridge, aliyezichunguza familia za baba wawili walioasili nchini Uingereza. Watoto wale hawakuwa nyuma ya wenzao wa nyumba za mume na mke. Kilichobeba uzito ni namna wanavyolelewa.

Kwetu, Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2001, katika kifungu cha 158, ilimtaja shoga kwenye orodha moja na mtu aliyetiwa hatiani kwa makosa ya jinai: wote wasipewe mtoto. Hakuna afisa aliyetakiwa kwenda kuiona nyumba ya mtu huyo, wala kumuuliza mtoto ambaye huenda alikwishazoea kulala kwake kwa sababu ni mjomba wake na wazazi wamefariki. Mimi ni mwalimu wa sheria ya familia, na kifungu kama hicho kinaniuma, kwa sababu kinaamua shauri la mtoto kabla mtoto hajaonekana. Ninawaomba wabunge na wanafunzi wangu watakaoandika miswada ya kesho waanzie pale ilipoanzia Mahakama ya 2002: mtoto huyu tayari analelewa na nani, na nani kati ya wanaomlea atakayeruhusiwa kutia sahihi akipelekwa hospitali usiku wa leo?