Shetani Hana Akaunti ya Benki



Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini Kenya, mwenyekiti akiwa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri. Ripoti ilimfikia mwaka uliofuata; wananchi waliisubiri hadi 1999. Mna mashahidi humo waliosimulia kafara za watu, ulaji wa nyama ya binadamu, na watoto walioingizwa katika ibada hiyo shuleni. Magazeti yaliyavamia masimulizi hayo. Mimi leo nashughulishwa na tarehe.

Kwa kuwa katika miaka ya mwanzo ya 1990 serikali ilikuwa ikiilipa kampuni ya Goldenberg fidia ya asilimia 35 kwa dhahabu na almasi ambayo kampuni ilidai kuiuza ng'ambo. Sisi wa Kakamega dhahabu tunaijua. Wazungu waliikimbilia hapa miaka ya 1930, sheria ya ardhi ikageuzwa mwaka 1932 ili wachimbe katika mashamba ya babu zetu, na mgodi wa Rosterman ukafungwa 1952. Mzee yeyote wa hapa angeweza kuwaambia wakuu wa hazina kwamba Kenya haikuwa na dhahabu ya kiasi kile. Mabilioni ya shilingi yalikwenda. Tume ya Jaji Samuel Bosire, ya kuuliza yalikokwenda, iliundwa 2003, Moi akiwa ameshatoka Ikulu. Shetani aliundiwa tume miaka tisa kabla ya dhahabu.

Sisemi tume ya kwanza iliundwa ili kuficha wizi. Waumini waliogopa kwelikweli, na hofu yao naiheshimu. Nasema kwamba shetani akishatajwa jukwaani, maswali hubadilika. Nani alitia sahihi? Hundi ilipelekwa benki gani? Hayo huachwa, tukaanza kuulizana nani ana roho chafu, na mwenye kujibu ni yule aliyeshika kipaza sauti.

Mchezo huu ni wa zamani. Kutoka hapa Kakamega, yaliyokuwa makao ya wilaya ya Kavirondo ya Kaskazini, wakoloni walimtawala Elijah Masinde wa Kimilili. Alipokataa kazi za lazima na kuwataka wazungu waondoke, mwaka 1945 walimpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Alipewa jina la mwendawazimu, na jina hilo lilifanya kazi ileile ya shetani: madai yake kuhusu ardhi hayakuhitaji tena kujibiwa. Dini yake ya Msambwa ilipigwa marufuku 1948. Serikali ya Kenya huru nayo ikaipiga marufuku 1968. Hilo linaniuma zaidi.

Ngũgĩ wa Thiong'o aliigeuza silaha hii. Katika riwaya yake Shetani Msalabani, aliyoiandika kwanza kwa Kikuyu kwenye karatasi za chooni katika gereza la Kamiti, shetani amevaa suti, na wezi wanashindana hadharani kujisifu jinsi walivyoiba. Huyo ana biashara, ana mashamba. Huyo anaweza kufikishwa mahakamani.

Ndiyo maana jina walilolichagua vijana wetu lilinipa moyo. Katika maandamano ya Juni 2024 ya kupinga Muswada wa Fedha, Rais William Ruto hawakumwita shetani. Walimwita Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko, wakamtaka ashuke. Zakayo ni mtu. Alishuka mkuyuni, akaahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Tarehe 26 Juni Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi muswada huo. Siku moja kabla, waandamanaji walipigwa risasi nje ya Bunge. Nani alitoa amri ya kufyatua? Swali hilo bado tunalidai jibu, kwa jina na kwa cheo.