Asilimia mia kwenye karatasi, mutoto bila chanjo kwenye avenyu

Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa kartie, Goma



Leo hatuongee juu ya barabara wala maji. Tunaongea juu ya hesabu. Wengi wetu hapa tulisoma, diploma tuko nayo, kazi njo hakuna. Lakini kugawanya namba moja kwa ingine, ile tunajua. Na hesabu ya chanjo za watoto wetu inaomba tu ile.

Kila mwezi kituo cha afya kinatuma raporo kwenye zone ya afya. Inchi yetu iko na zone za afya 519. Kwa kila eneo wanachukua watoto waliopata chanjo, wanagawanya kwa watoto waliotazamiwa, inatoka asilimia. Namba ya juu inatoka kwenye rejista ya muuguzi. Namba ya chini, ile ya watoto waliotazamiwa, inatoka wapi?

Hapa njo mambo inaharibika. Mara ya mwisho leta kuhesabu raia wote wa Congo ilikuwa 1984. Wengi kati yetu tuliokuja hapa leo hatukukuwa tumezaliwa, na wazazi wa wengine kati yetu walikuwa wangali watoto. Tangu pale watu wanakadiriwa tu: wanaongeza kidogo kila mwaka, kisha wanasema kati ya watu 100 kuko watoto 3 ao 4 walio chini ya mwaka moja.

Tuchukue mufano. Karatasi inasema eneo fulani liko na watu 10.000, basi watoto kama 350. Muuguzi amechanja watoto 350. Asilimia 100! Wakubwa wanapiga makofi. Lakini vita imeleta watu wengine 6.000 katika lile eneo, na karatasi haijabadilika. Kwa kweli kuko watoto 560. Wale 350 ni asilimia 62 na nusu tu. Watoto 210 hawaonekane fasi yoyote. Hakuna mutu aliyeiba, hakuna aliyesema bongo. Ni namba ya chini njo inadanganya.

Sisi wa hapa tunaelewa ile haraka. Wakati vita ilisukuma watu wa Rutshuru na Masisi mpaka Kanyaruchinya na Bulengo, mutoto wa Masisi aliendelea kuhesabiwa Masisi, hata kama alipewa chanjo huku. Hivi eneo moja linaweza kupita asilimia 100, na lingine kuonekana limelala. Namba zote mbili si za kweli.

Wengine watasema: basi wapite nyumba kwa nyumba. Ni sawa, na inafanyika. Njia ya zamani ya OMS ilikuwa kuchagua vijiji ao kartie 30, na katika kila fasi watoto 7 wa miezi 12 mpaka 23. Wanaomba karte, na kama karte haiko, wanauliza mama. Uchunguzi wa namna ile njo ulionyesha, mwaka wa 2018, kama katika inchi yetu watoto waliopata chanjo zote walikuwa karibu 35 kwa 100 tu. Mwaka uleule leta ilianzisha Mpango wa Mashako kwa kuinua chanjo. Lakini hata uchunguzi uko na shimo. Fasi ya risasi wanaruka. Mama aliyekimbia usiku alibeba mutoto, hakubeba karte. Tena wastani wa provensi nzima unaficha avenyu moja ambayo hakuna mutu anafika.

Na surua haisome raporo. Epidemi iliyotangazwa 2019 na kumalizika 2020 iliua watu zaidi ya 7.000 katika Congo, wengi wao watoto wa chini ya miaka 5. Surua inaenda moja kwa moja kwa wale ambao karatasi haiwaone.

Kwa hiyo tufanye nini? Kuko hesabu moja ambayo haiombe kujua idadi ya watu. Penta ya kwanza inapewa kwa posho 6, ya tatu kwa posho 14. Kama watoto 100 walipata ya kwanza na 70 tu walipata ya tatu, 30 wamepotea njiani. Pale tunauliza: chanjo ilikosekana? Mama aliombwa makuta ya karte, wakati chanjo ni ya bure? Siku ya chanjo inaangukia siku ya soko? Lakini mutoto asiyepata hata Penta ya kwanza haonekane katika ile hesabu. Huyo anatafutwa kwa miguu.

Tunaomba viongozi mambo mbili. Watangaze namba kwa kila eneo la afya, si kwa provensi tu, na waseme namba ya chini ilitoka wapi. Na leta ihesabu raia wake.

Sisi nasi tuko na kazi. Tuende na reko wa avenyu yetu. Kwa ruhusa ya mama, tuangalie karte ya kila mutoto wa chini ya miaka 2: Penta ya kwanza, Penta ya tatu, na surua ya miezi 9. Liste tupeleke kwa muuguzi mkubwa wa eneo na katika mikutano ya CODESA. Jina la mutoto lisiwekwe kwenye WhatsApp. Na tusitangaze asilimia ya muji muzima juu ya avenyu tatu, juu tutakuwa tunafanya kosa lilelile tunalokataa.

Kazi ile haina mushahara, tunajua. Lakini mutoto ambaye hahesabiwe, hakuna mutu atakayeulizwa juu yake. Tuanze posho hii, kila mutu kwenye avenyu yake.