Somo la Muziki: Wimbo Mmoja, Vizazi Viwili

Juma hili twajifunza kusikiliza wimbo uliotengenezwa upya.

Twaeni “Walk This Way.” Aerosmith, wapiga roki wa Boston, waliutoa mwaka 1975. Baadaye vijana wa New York, Run-DMC, walizoea kuipiga santuri hiyo mwanzoni tu, penye ngoma, wakiirudisha kwa mkono ili ngoma zisikome, huku wakighani juu yake. Mwaka 1986 Rick Rubin aliwashauri waurekodi wimbo mzima. Maneno yake hawakuyapenda, lakini walikubali. Steven Tyler na Joe Perry wa Aerosmith wakaja kuimba na kupiga gitaa pamoja nao. Wimbo ukafika nafasi ya 4 katika orodha ya Billboard. Ule wa kwanza ulifika ya 10.

Je, huu ni wizi? Mwizi huja mwenyewe asipojua; hapa mwenyewe aliitwa, naye akafaidika, kwani sifa yake ilikuwa imefifia.

Kazi yenu: sikilizeni rekodi zote mbili, kwanza ngoma, kisha gitaa, kisha sauti. Jiulizeni: kipi kimebaki, na kipi kimeongezwa? Kwaherini.