Mashindano ya halali: hotuba ya walimu wa michezo katika Siku ya Wakimbizi

 

Kamati ilipotupa nafasi ya kusema machache juu ya imani na michezo, tulifurahi, kisha tukaogopa. Tulifurahi kwa sababu sisi walimu tunaosimamia michezo hatupewi kipaza sauti mara nyingi, isipokuwa kutangaza mtoto aliyepotea uwanjani. Sababu ya kuogopa tutaieleza mbele. Tunaomba mtuvumilie mpaka tufike.

Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho habari za wakimbiaji, hakuchukua mfano wa mbali. Karibu na mji wao, mahali paitwapo Isthmia, yalifanyika mashindano makubwa kila baada ya miaka miwili. Watu walikimbia, walipigana miereka na ngumi, na mshindi alivikwa taji la majani tu, ya msonobari au ya mboga iliyokwisha kukauka. Mtu anajinyima vyakula na starehe kwa ajili ya majani ambayo hata mbuzi angesita kuyala! Lakini Paulo hakuwacheka. Aliwastahi kwa jinsi walivyoitawala miili yao, akataka Mkristo naye ajitawale vivyo hivyo.

Liko neno lake jingine ambalo wahubiri wetu hawalitaji sana. Lipo katika barua ya pili kwa Timotheo, sura ya 2, mstari wa 5. Hapo anakumbusha kwamba taji si la aliyefika wa kwanza tu, bali ni la aliyefuata kanuni za mchezo. Watu wa siku zile walimwelewa mara moja. Kule Olimpia wachezaji waliapa mbele ya sanamu ya mungu wao Zeu kwamba wamefanya mazoezi kwa miezi 10 na kwamba hawatadanganya. Aliyegunduliwa kutoa rushwa alitozwa faini, na kwa fedha za faini zikatengenezwa sanamu za shaba, zikasimamishwa kwenye njia ya kuingilia uwanjani. Kila kijana aliyekwenda kushindana alipita kwanza mbele ya aibu ya waliomtangulia. Na siku zetu hizi si tofauti. Mwaka 1988 huko Seoul, Ben Johnson wa Kanada alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.79, dunia ikapiga makofi, na siku chache baadaye akanyang'anywa medali kwa kutumia dawa zilizokatazwa.

Wanafunzi wetu wakubwa wanajua kwamba mwanamichezo tunayempenda kuliko wote ni Eric Liddell. Tunampenda kwa sababu mwisho wake ulikuwa kambini, kama sisi.

Alizaliwa mwaka 1902 huko Tientsin, Uchina, wazazi wake wakiwa wamisionari kutoka Uskoti. Alikuwa na mbio za ajabu. Mwaka 1924 alichaguliwa kuikimbilia Uingereza katika Olimpiki ya Paris, na mita 100 ndizo zilizokuwa zake. Ratiba ilipotoka ikaonekana kwamba mbio za mchujo zimepangwa siku ya Jumapili. Akakataa. Wako wanaosimulia kwamba alijua habari hiyo akiwa njiani kwenda Paris. Hapana, alijua miezi kadhaa kabla, na miezi hiyo aliitumia kujizoeza mita 400. Jumapili ile wenzake walipokimbia, yeye alikuwa kanisani akihubiri. Siku ya mita 400 alishinda kwa sekunde 47.6, akapata medali ya dhahabu.

Mwaka uliofuata alirudi Uchina kufundisha. Alikuwa mwalimu wa sayansi na michezo. Nasi tunajivunia kwamba alikuwa mwalimu. Vita ilipokaribia alimpeleka mke wake, aliyekuwa mjamzito, pamoja na mabinti zao wawili Kanada. Binti wa tatu hakumwona kamwe. Mwaka 1943 Wajapani walimfungia pamoja na wageni wengine zaidi ya elfu moja katika kambi ya Weihsien. Huko watu walipanga foleni ya chakula, walibeba maji, na walisongamana na wageni katika vyumba vidogo. Hatuna haja ya kuwaeleza zaidi.

Mle kambini Liddell aliwafundisha watoto, akapanga michezo yao na kutengeneza magongo yaliyovunjika. Lakini Jumapili hakukubali kuchezesha. Basi Jumapili moja vijana wakacheza mpira wa magongo peke yao, bila refa, wakaishia kupigana. Jumapili iliyofuata Liddell alikwenda uwanjani, akashika filimbi. Mtu yule aliyeiacha mbio ya mfalme na taifa lake kwa ajili ya Jumapili aliitoa Jumapili ile kwa ajili ya watoto wasiumizane. Wazazi wanaotuuliza kila mwaka kama ni dhambi mtoto kucheza Jumapili, tunawaomba waitafakari habari hii kabla hawajamchapa. Alifariki tarehe 21 Februari 1945 kwa uvimbe wa ubongo, kama miezi sita kabla kambi haijafunguliwa. Alikuwa na miaka 43.

Sasa tumefika pale tulipoogopa kufika.

Mwaka jana shule yetu iliingia fainali ya shule za zoni. Siku mbili kabla ya mchezo, mtoto wetu wa namba 9 alishikwa na malaria kali. Sisi walimu tulikutana jioni. Hakuna aliyesema tusicheze, na hakuna aliyesema tucheze na upungufu wetu. Tulimtafuta kijana aliyekwisha kumaliza shule zamani, ana ndevu, akazinyoa. Tukamvika jezi namba 9 na kumwandikisha kwa jina la mtoto mgonjwa. Vijana humwita mchezaji kama huyo mamluki, nasi tulijua wanavyomwita. Tulishinda 2 kwa 1, na magoli yote mawili alifunga yeye. Mwalimu wa upande wa pili alipokuja kulalamika tulimwambia ajifunze kukubali kushindwa. Hayo tuliyasema Jumamosi. Jumapili tulisimama kwaya, mstari wa mbele.

Wiki iliyofuata mtoto alirudi shuleni, amekonda. Wenzake walimsimulia kwamba jina lake lilitangazwa kwenye kipaza sauti mara mbili. Akaja ofisini akauliza, "Mwalimu, ni mimi niliyefunga?" Hatukuwa na jibu. Mmoja wetu alimwambia arudi darasani.

Ndugu zetu, hapa tunaishi kwa majina. Herufi moja ikikosewa kwenye kadi ya mgao, mama anazunguka ofisi hadi ofisi na watoto wanalala na njaa. Siku ya uhakiki tunaitwa mmoja mmoja, tunaitika. Wengi wa watoto hawa walitoka nyumbani usiku bila cheti, bila nguo ya pili; walikuja na jina walilopewa na wazazi, basi. Sisi, ambao mzazi ametukabidhi mtoto, tulilichukua jina hilo bila kumwuliza, kwa ajili ya kombe la plastiki na mipira miwili.

Kombe lilikaa juu ya kabati letu mwaka mzima. Tulikuwa tukisema kwamba tumekwisha kutubu mbele za Mungu, inatosha. Mzee mmoja wa kanisa tulipomweleza alituuliza tu, "Na Zakayo alirudisha?" Alirudisha, tena mara nne. Mara nne hatuwezi, kwa posho hii mnayoijua. Mpira mmoja umepasuka na mwingine una viraka, kwa hiyo walimu tumechanga tukanunua miwili mipya. Shirika lililotoa zawadi tumeliandikia barua. Kwa mzazi wa mtoto tulikwenda juzi jioni, akatusikiliza mpaka mwisho, akatukaribisha chai ya rangi. Mtoto mwenyewe alisema angependa wenzake waambiwe kwamba si yeye aliyefunga, kwa sababu wanamdai afunge tena. Tunawaambia leo: si yeye.

Kijana tuliyemtumia asilaumiwe. Aliitwa na walimu wake wa zamani.

Mwalimu mwenzetu tuliyemjibu vibaya yuko hapa, ameketi safu ya pili. Mwalimu, tulikuonea, tunakuomba msamaha mbele ya watu kama tulivyokudhihaki mbele ya watu. Kombe ni hili hapa mezani, na mipira iko chini ya meza katika mfuko. Tunaomba nahodha wako wa mwaka jana aje avichukue. Mchezo wa leo saa 10 jioni utachezwa kama ulivyopangwa, na orodha ya wachezaji wetu tumeibandika mlangoni mwa ofisi ya Kamati tangu asubuhi, ili kila mzazi aisome.