Tonki: Neno Lisilo Kwenye Kamusi

Msikilizaji, neno letu la leo ni tonki, na usijisumbue kulitafuta kwenye kamusi. Lilibuniwa mwaka 1960 na Arthur Prior, mwanamantiki mzaliwa wa New Zealand, katika makala ya kurasa mbili tu. Alilipa kanuni mbili. Ukiwa na kauli yoyote ya kweli, ruksa kuiunga kwa tonki na kauli nyingine yoyote. Na ukishaziunga, ruksa kuichukua ile ya pili peke yake. Haya, mvua imenyesha. Kwa hiyo mvua imenyesha tonki sukari inagawiwa bure. Kwa hiyo sukari inagawiwa bure. Hatua mbili, na mwenye duka kafilisika.

Mzaha huo ulikuwa na walengwa. Wako wanaoshikilia kwamba maana ya viunganishi kama “na” au “ikiwa” ni kanuni za kuvitumia, basi. Dai hilo si dogo: mtoto aliyeahidiwa chai na maandazi anajua kwamba anaweza kudai chai, na anaweza kudai maandazi, ni kipi tena asichokijua kuhusu “na”? Lakini kama kanuni zinatosha, tonki nayo ina maana, na lolote linathibitika kwa lolote.

Nuel Belnap alijibu mwaka 1962: neno jipya lisizalishe hitimisho jipya baina ya kauli ambazo neno hilo halimo. “Na” hukurudishia ulichoweka. Tonki unaiwekea mchele, unachota sukari. Mtu atapinga kwamba kipimo hicho kinadhani tulishajua hoja ipi ni halali kabla ya kuweka kanuni. Ni kweli, na Belnap mwenyewe alilikiri hilo. Kwa hiyo kanuni pekee hazitoshi. Hapo Prior kashinda. Ila wazo lake kwamba maana hutangulia na kanuni hufuata halielezi tunajuaje kuwa mtu ameielewa “na”, kama si kwa kumtazama akiitumia. Mimi nabaki upande wa kanuni, mradi zipatane, yaani unachochota kisizidi ulichoweka.

Na kupatana kwenyewe kuna gharama, hasa kwa neno “kila”. Ili useme “kila mtu”, lazima uwe umethibitisha jambo kwa mtu yeyote yule, pasipo kutegemea sifa yake binafsi. Liondoe sharti hilo uone: Asha anadaiwa, kwa hiyo kila mtu anadaiwa, kwa hiyo wewe msikilizaji, lete pesa.